Mashine ya Bibi Mkunga Imenyamaza

Jumapili mchana, mke wa Fundi Sindano alirudi nyumbani na mfuko wa nguo begani, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mluzi. Mumewe alikuwa anapiga mluzi. Mwanamke akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, akasikiliza. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita bila mluzi katika nyumba ile.

"Karibu, mama watoto!" fundi akasema, akimpokea mfuko. "Dada yako kajifungua salama?"

"Salama. Dume, tena lina sauti kama spika iliyopasuka. Wasichana nimewaacha huko huko wamsaidie mama mkubwa wao mpaka keshokutwa." Akamtazama. "Wewe una nini leo?"

"Mtu asiwe na raha kwake?"

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yao. Kaunta ya mbao ilitazama mtaani, redio na feni na televisheni zilipangwa ukutani hadi darini, na nyuma ya kaunta lilining'inia pazia la kijani. Wateja walijua kwamba Sindano hupokea kifaa, husikiliza malalamiko, hutania kidogo, kisha huingia nacho nyuma ya pazia kwa sababu kazi ya bodi haitaki vumbi. Jina lile walimpa wao, kwa vile mikono yake iliweza kugusa mahali padogo kama tundu la sindano. Wasichojua ni kwamba mikono hiyo ilikuwa inatetemeka tangu mwaka jana, kwanza kidogo kidogo, kisha hata kikombe cha chai kikawa kinamshinda. Nyuma ya pazia alikuwa anakaa mkewe. Mume alikuwa masikio na ulimi, mke alikuwa vidole, na siri hiyo hawakuipeleka hata kwa ndugu.

"Nimetengeneza kitu," fundi akasema. "Peke yangu. Wewe hukuwepo."

"Kitu gani?"

"Mashine ya Bibi Mkunga."

Mwanamke akaketi polepole. Bibi Mkunga ndiye aliyewapokea wasichana wake wote wawili walipozaliwa, na nusu ya watoto wa mtaa ule. Sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka, na maisha yake yalitegemea mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda: inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea puani kwa mpira mwembamba. Oksijeni ikipungua, inawasha taa nyekundu na kupiga kelele.

"Karani aliileta Ijumaa asubuhi," fundi akaendelea. Karani alikuwa mtoto pekee wa Bibi Mkunga, mtu wa ofisini. "Anasema inalia ovyo, hawalali. Nikajua chipu ya king'ora imeharibika, kuna mahali bodi ilipata unyevu. Nikaing'oa, nikaweka nyingine. Chipu ya miguu minane, mama watoto! Miguu minane nimeilehemu kwa mikono hii. Saa nane mchana akaja kuichukua. Na imenyamaza kimya!"

Alinyoosha mikono yake mbele kama mtoto anayeonyesha kuwa amenawa. Ilikuwa inatetemeka.

Mkewe akainuka, akapita nyuma ya pazia. Kazi ya lehemu ina ukweli wake, na ukweli huo hubaki mezani. Waya wa lehemu aliouacha Alhamisi ukiwa mpya ulikuwa umepungua kana kwamba mtu ameziba ndoo. Matone ya lehemu yalikuwa yametapakaa kwenye mbao. Na utepe wa shaba, ule wa kufyonzea lehemu iliyozidi, ulikuwa bado ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa. Hata mkono uliotulia hauwezi kuunganisha miguu minane midogo namna ile bila kumwaga pasipotakiwa. Mkono wa mumewe ulikuwa umemwaga, halafu haukufuta.

"Baba watoto," akaita. "Ulipoiwasha, ililia?"

"Haikulia! Si ndiyo kazi yenyewe? Ililetwa kwa sababu inalia."

"Nauliza pale mwanzo. Ukibonyeza swichi tu. Lazima ilie mara moja, kujijaribu sauti. Wewe ndiye uliyenionyesha, tulipotengeneza ile ya zahanati."

Raha yote ikamtoka fundi usoni.

"Ilinyamaza tangu mwanzo?" mkewe akauliza tena.

"Nilifurahi," akasema kwa sauti ya chini. "Sikufikiri. Nilifurahi."

Fundi akampigia Karani simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mwanamke akaanza kutia vitu kwenye kikapu: chuma cha kulehemu, utepe, kikopo cha mafuta ya lehemu, lenzi, kipima umeme.

"Unakwenda kuwaambia nini?" fundi akauliza.

"Kwamba tumesahau skrubu."

"Watakuuliza tangu lini mke wa Sindano anafungua mashine."

"Basi twende wote."

Fundi akatazama mikono yake, akaificha kwapani. "Kesho," akasema. "Niache mpaka kesho. Nitakwenda mwenyewe, nitaiomba niilete hapa, utaifanya taratibu, na hakuna atakayejua."

"Na kama ilikuwa inalia kwa kweli, kati ya leo na kesho bibi apumue nini?"

Mkewe akachukua kikapu, akatoka.

Mlango wa nyumba ya Bibi Mkunga ulifunguliwa na mke wa Karani, kitambaa cha vyombo mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Shosti, karibu! Mwambie mumeo Mungu ambariki. Sasa nyumba hii ina amani. Ilikuwa inatulilia masikioni kama mbuzi aliyefungwa juani."

"Bibi anaendeleaje?"

"Analala tu. Tangu jana analala vizuri ajabu. Asubuhi alisema kichwa kinamgonga, nikampa dawa, akalala tena."

Chumba cha mgonjwa kilikuwa na dirisha moja na harufu ya marashi ya kupaka kifuani. Mashine ilikaa sakafuni, inanguruma taratibu, taa yake ya kijani inawaka. Bibi Mkunga alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Mwanamke alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Midomo pia.

"Shikamoo, bibi."

Mzee akafumbua macho. Yalichukua muda kumpata. "Usisukume bado," akasema. Maneno yalitoka mazito, yamekokotana. "Bado, mwanangu. Pumua kwanza. Pumua."

Mke wa Karani akacheka. "Unaona? Anaota yuko kazini. Jana usiku kamzalisha mume wangu mara mbili."

Mwanamke hakuweza kucheka. "Shoga yangu, nahitaji kuifungua hii mashine. Kuna skrubu ilisahauliwa ndani."

"Nani anafungua?" Karani alikuwa amesimama mlangoni, amevaa fulana ya Jumapili, simu yake iliyozimwa sauti mkononi. "Wewe?"

"Ni kitu kidogo, shemeji. Dakika kumi."

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amenituma."

"Amekutuma." Karani akamtazama kuanzia kanga mpaka kandambili, kisha kikapu. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini hicho si kibao cha kusugua nguo. Mama yangu anapumua kwa kitu hicho, sitaki mtu wa kubahatisha. Ningemtaka mke wa fundi, ningempelekea mke wa fundi."

"Shemeji, angalia kucha za bibi."

"Ana miaka themanini na mbili. Unataka kucha za bi harusi?"

Akapiga simu mwenyewe, akaweka spika ili kila mtu asikie. "Fundi, umemtuma mkeo aje kufungua mashine?"

Mwanamke alisikia hata gari likipita kwenye mtaa wao kule upande wa pili wa simu. Neno moja tu lilitosha, na akalisubiri.

"Asiguse," sauti ya Sindano ikasema. "Mwambie asiguse kitu. Nakuja mwenyewe."

"Umesikia?" Karani akasema, akitia simu mfukoni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na uhakika tu, na uhakika wake uliuma kuliko tusi. Akamwonyesha kigoda cha pembeni. Mwanamke akakaa, kikapu mapajani, kama mtu aliyekuja kuuza vitumbua vilivyokataliwa. Alihesabu pumzi za bibi. Zilikuwa fupi, na baada ya kila chache iliingia moja iliyochelewa, na kila iliyochelewa ilimfanya anyanyuke nusu kutoka kwenye kigoda.

Sindano alifika baada ya dakika ishirini, amevaa shati lake lililopigwa pasi, jasho limemlowesha mgongo. Hakumtazama mkewe. Akasalimu, akapiga magoti kando ya mashine, akaomba izimwe. Mngurumo ukafa. Mke wa Karani akaanza kumpepea mkwewe kwa kifuniko cha boksi.

Skrubu zilikuwa nne. Ya kwanza bisibisi iliteleza, ikachora mstari kwenye plastiki. Ya pili ilianguka, ikabingirika chini ya kitanda. Karani akaiokota, akampa, na safari hii akatazama mikono. Kifuniko kilipotoka, fundi akachomeka chuma cha kulehemu, akasubiri kipate moto, akakishika kama kalamu. Ncha yake ikacheza hewani, ikaruka kushoto, ikagusa waya ambao haukuhusika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda.

"Fundi," Karani akasema, "unaumwa?"

Sindano akajaribu tena, mkono mmoja ukiushika mwingine. Sasa ilitetemeka yote miwili. Bibi Mkunga alivuta pumzi kwa mlio wa mtu anayevuta kamba nzito. Fundi akakirudisha chuma kwenye kishikio chake. Hata hapo alikikosa mara mbili kabla chuma hakijakaa. Kisha akainuka, magoti yamejaa vumbi.

"Mpishe," akamwambia Karani.

"Nani?"

"Mpishe mke wangu akae."

Hapakuwa na muda wa maelezo. Mwanamke alishaketi sakafuni, bodi imeegemea paja, lenzi jichoni. Akaiona mara moja. Juu ya miguu miwili ya chipu lilikaa tone moja kubwa la lehemu, linang'aa, limeifunika yote miwili kama nta ya mshumaa iliyogandia vidole viwili vya mtoto. Umeme uliotakiwa kwenda kwenye king'ora na taa nyekundu ulikuwa unapita kwenye tone hilo na kupotea. Mashine ilikuwa imezibwa mdomo.

Alipaka mafuta, akakata kipande cha utepe wa shaba, akakilaza juu ya tone, akaweka ncha ya moto juu yake. Moshi mwembamba ukapanda. Akasubiri. Kisha lehemu ikayeyuka, ikaanza kupanda ndani ya nyuzi za shaba kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na wekundu wa shaba ukageuka fedha.

"Usikandamize," mumewe akasema kwa sauti ndogo, ameinama begani mwake. "Toa vyote pamoja. Sasa."

Akainua chuma na utepe kwa pamoja, kabla havijapoa na kung'oa njia ya shaba kwenye bodi. Akatazama tena. Tone lilikuwa limeondoka, lakini kati ya miguu miwili ulibaki uzi mmoja, mwembamba kama unywele.

"Bado," akasema.

"Kata upande mchafu. Tumia shaba mpya."

Akakata. Akapaka tena mafuta. Mke wa Karani alikuwa amesahau kupepea, amewatazama wawili hawa wakizungumza kama watu waliofanya hivyo kila siku. Karani naye aliona, na uso wake ukaanza kubadilika kwa jinsi ambayo si nzuri.

"Tangu lini?" akauliza.

Utepe ulipoinuka mara ya pili, chini yake palikuwa safi, miguu minane, kila mmoja na kwake. Mwanamke akagusa miguu ile miwili kwa kipima umeme. Hakikulia. Miguu haigusani tena. Akarudisha bodi, skrubu, kifuniko, akabonyeza swichi.

Piii.

Mke wa Karani akapiga makofi. Hata Sindano akatoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. Taa ya kijani ikawaka, mngurumo ukarudi, na kwa muda wa nusu dakika chumba kizima kikawa na amani.

Kisha taa ikageuka nyekundu, na mashine ikaanza kulia. Haikukoma.

"Umeiharibu!" Karani akapaza sauti. "Ilikuwa imenyamaza! Siku mbili imenyamaza, mmekuja mmeiharibu! Izime hiyo!"

"Usizime, shemeji. Haijaharibika. Inakwambia haina oksijeni. Mpeleke bibi hospitali sasa hivi."

"Ondoka kwenye mashine ya mama yangu!" Akamshika mkono wa juu, akamvuta. Kikapu kikapinduka. Lenzi ikavunjika. "Laiti ningewajua nyinyi matapeli tangu Ijumaa, mtu na mkewe, mnacheza na roho ya mtu!"

"Mwachie," Sindano akasema.

"Na wewe kaa kimya!"

"Mwachie!" Fundi akaingia kati yao, mikono yake inaruka mbele ya macho ya Karani. "Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Yeye hakuwepo hata mjini. Hii mashine ilikuwa inalia kwa sababu oksijeni ilikuwa haitoshi, mimi nikadhani king'ora kibovu, nikamwaga lehemu kwenye king'ora. Tangu Ijumaa saa nane mama yako anapumua hewa ya chumbani. Siku mbili. Unasikia? Siku mbili. Nipige baadaye. Mbebe."

Mkono wa Karani ukalegea. Akamgeukia mamaye, na pengine kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamtazama hasa: midomo, kucha, shingo inayofanya kazi ya kifua. Alimbeba kama anavyobebwa mtoto, mkewe akikimbia mbele kuomba gari la jirani, na shuka ikiburuzika nyuma yao ukumbini.

Fundi na mkewe walibaki chumbani peke yao na ile kelele. Mume akanyoosha mkono kuizima, akaikosa swichi. Mkewe akaizima.

Bibi Mkunga hakufa. Daktari alisema angechelewa saa chache zaidi, lingekuwa neno jingine. Alisema pia kwamba vichujio vya ndani vya mashine vilikuwa vimechoka zamani, na kwamba king'ora kilikuwa kikilia kwa haki. Mtu wa hospitali akabadilisha vichujio. Siku ya kumi na moja mzee akarudishwa nyumbani, amekonda, akili yake imetoboka hapa na pale.

Karani hakwenda polisi. Alifanya kitu kidogo zaidi na kirefu zaidi. Jumatatu iliyofuata asubuhi alisimama nje ya kaunta ya Sindano, wateja wawili wakiwepo, akasema bila kupandisha sauti, "Mama yangu jana kaniuliza mimi ni mtoto wa nani." Kisha akaenda zake kazini.

Tangu siku hiyo watu walikuja kuchukua vitu vyao. Hawakugomba. Kinyozi alisema amepata mashine nyingine ya kunyolea lakini ile ataichukua tu, iwe ya akiba. Mwalimu alisema redio yake ni kumbukumbu ya marehemu babake, afadhali akae nayo ilivyo. Fundi aliwakabidhi kila mmoja kwa mikono miwili, haifichi tena, na wao wakapokea haraka wakitazama pembeni, kama vile kutetemeka kunaambukiza. Rafu zikabaki na alama za mraba kwenye vumbi.

"Ningekubali kwenye simu ile," alimwambia mkewe mchana mmoja, "ungeifungua dakika ishirini mapema."

"Ndiyo," mkewe akasema. Alitaka kuongeza neno la kumpoza, akalitafuta, hakulipata. Akamsogezea kikombe kilichojazwa nusu, ili kisimwagike.

Fundi alikwenda mara mbili kumjulia hali Bibi Mkunga, na mara zote mbili mlango ulifunguliwa kidogo na kufungwa. Mara ya tatu akaenda mkewe peke yake. Mke wa Karani alimtazama kwa muda, tabasamu la zamani halipo, kisha akasogea ampishe. "Mume wangu anarudi saa kumi," akasema. "Usikae sana."

Mashine ilikuwa pale pale, inanguruma. Mzee alikuwa macho, mpira puani, mikono yake mikubwa ya kazi imetulia juu ya shuka. Akamkodolea mgeni macho.

"Nawe nani?"

Mwanamke alikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Miaka yote alijibu kwa jina la mumewe au kwa wanawe, na bibi huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita mama. Akatazama uso wa mzee, akaona hakuna hata moja kati ya hayo lililobaki humo.

"Mimi fundi, bibi," akasema. "Fundi wa hii mashine."

Mke wa Karani, aliyekuwa bado mlangoni, akainamisha macho. Hakusahihisha.

Bibi Mkunga akaigeukia mashine, akaisikiliza, uso wake umejikunja kwa wasiwasi. Kisha akanyoosha mkono, akakamata kanga ya mgeni kwa nguvu ambayo haikutarajiwa kwa mtu mgonjwa vile.

"Basi usiondoke," akanong'ona. "Ikinyamaza, mimi naogopa."

Mwanamke akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, na wote wawili wakaanza kusikiliza.